Chenye Ganda Hakidanganyi

Keki yoyote inayotoka tanurini hutoka na kitambi. Huumuka katikati, ikajaa, ikapasuka kidogo kama mtu aliyekula akasahau kulegeza mkanda. Sasa, huwezi kupamba juu ya kitambi. Maua yatateleza, na majina ya bwana na bibi harusi yatakwenda kila moja upande wake, jambo ambalo wenye sherehe hawalipendi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpambaji, kabla ya krimu na rangi, ni kushika kisu kirefu chenye meno na kukata kilichozidi ili keki ibaki bapa kama meza. Kile kinachokatwa, katika bekari alimofanya kazi Mama Hakimu, kiliitwa kofia. Kofia haziuzwi. Kofia ni haki ya aliyezikata.

Mama Hakimu alikuwa mpambaji hodari, na mpambaji hodari hukata kofia nyingi. Kila jioni alirudi nyumbani na mfuko wa kofia za vanila, za chungwa, za chokoleti. Kila asubuhi binti yake alikula kofia moja, mbili, kwa chai iliyokolea sukari hadi kijiko kilisita kabla ya kuzama. Mtoto alizaliwa, akanyonyeshwa, akaachishwa ziwa, akapewa kofia. Hiyo ndiyo iliyokuwa historia ya maisha yake.

Jina la Hakimu alipewa na baba yake, kinyozi wa mtaa wa pili, kwa sababu mtoto huyu tangu apate maneno hakuwahi kusema sitaki kama watoto wengine. Yeye alitoa hukumu. Ukimwekea maharage aliyatazama, akasema, "Yananitazama." Samaki: "Ana uso." Wali uliokauka: "Unakwaruza." Ndizi iliyoiva kupita kiasi: "Imezeeka, iacheni ipumzike." Hukumu ikishatoka, rufaa haipo. Alikuwa na miaka mitano, shingo nyembamba kama ya kifaranga, na macho ambayo mtu mzima akiyatazama sana huanza kukumbuka makosa yake.

Siku moja Hakimu alishika shavu akasema jino lake linapiga hodi. Wakampeleka.

Zahanati ya meno ilikuwa juu ya duka la viatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, ule upole unaotia hofu kuliko ukali. Akawasha taa, akachungulia, akaguna.

"Anakula nini asubuhi?"

"Chai," alisema Mama Hakimu. "Na keki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kofia hiffi!" alisema Hakimu, mdomo wazi, akionyesha kwa mikono yote miwili ukubwa wa sahani.

Daktari akamtazama mama. "Na pipi?"

Mama Hakimu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari. Pale anaponyolea watu palikuwa na kopo la pipi, za kuwatuliza watoto wasiotaka kukaa kitini. Kila alasiri Hakimu alipitia pale akitoka chekechea, akapanda kiti, akatulia tuli kama picha, akapokea pipi yake, akashuka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa. Hakuna aliyewahi kumnyoa.

"Mama anapamba keki, baba anagawa pipi," alisema daktari taratibu. "Kwenu hakuna hata mmoja anayeuza chumvi?"

Kisha akaacha mzaha. Gego moja la nyuma lilikuwa limeanza kutoboka. Alilipaka dawa ya kulizuia, akasema warudi baada ya mwezi. Wakirudi akakuta limetulia, ataliziba na mambo yataisha. Akikuta limeendelea, ataling'oa, na la jirani yake halitakaa sana. "Dawa peke yake haiwezi kupigana na sukari kila siku. Anzeni na ya asubuhi. Ile ndiyo inashinda naye mdomoni shuleni."

Mama Hakimu alishuka ngazi amembeba mwanawe mgongoni ingawa mtoto alikuwa mzito sasa. Kilichomchoma hakikuwa maneno ya daktari. Kilimchoma kwamba wadudu waliolitoboa lile jino hawakutoka mbali. Aliwaleta yeye, kwenye mfuko, kwa upendo, jioni baada ya jioni. Mkono uliomlisha mtoto ndio uliomtoboa. Akajiapia palepale kwenye ngazi: mwezi huu, kwa mkono huuhuu, mwanangu atakula asubuhi chakula kisicho na sukari, ashibe, na gego lile litabaki mahali pake.

Kuapa ni kazi rahisi. Kesho yake akaweka mezani mkate mkavu, yai la kukaanga na maziwa matupu.

Hakimu alikaa. Akatazama mkate. "Huu umeachwa na wenzake." Akatazama yai. "Hili limemwagika." Akatazama maziwa, akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayemjua marehemu. Akashuka kitini akaenda kuvaa viatu.

"Utakwenda na njaa?" aliuliza mama yake.

"Nitakwenda nayo," alisema Hakimu. "Kofia ziko wapi?"

"Kofia zimekwisha."

"Zitakuja lini?"

"Haziji."

Hakimu hakulia. Kulia ni kwa washtakiwa. Alikwenda chekechea tumbo tupu, na saa ya kumchukua mwalimu wake akamsubiri mama mlangoni.

"Mama Hakimu, leo mwanao amekagua vyakula vya wenzake wote. Vibaya amewarudishia. Vizuri amevitaifisha."

"Amekula nini?"

"Biskuti za watoto watatu, na mmoja bado analia."

Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Mama akibana nyumbani, sukari inaingia kwa dirisha la shule. Akaona kwamba njia ya mabavu haitamfikisha. Hapo ndipo, akiwa kazini, ameinamia keki ya mtu mwingine na mfuko wa krimu mkononi, akiminya waridi moja baada ya jingine, wazo lilimjia tamu kiasi kwamba alicheka peke yake.

"Umepata nini?" aliuliza Dada Unga, fundi wa tanuri, mwanamke mnene ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga tangu asubuhi hadi jioni.

"Dada, mtoto wangu anakula kwa macho."

"Wote wanakula kwa macho."

"Basi nitamlisha macho. Mdomo utafuata."

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Ataponda viazi kwa maziwa na kiini cha yai hadi vilainike kama krimu. Atavitia kwenye mfuko wa krimu, ataviminya. Maji ya bitiruti yatampa waridi la rangi ya pinki. Karoti itampa la manjano. Mtoto ataona keki, atakula kiazi.

Kinyozi alikuwa akifuta mashine yake kwa kitambaa. Akainua kichwa. "Usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Mtoto akikaa kwenye kile kiti changu, simwambii mashine haina kelele. Naiwasha mbele yake kwanza. Aione, aisikie, nimwekee kwenye kiganja imtekenye. Ukimdanganya mara moja tu, utamnyoa nusu kichwa, na nusu nyingine utamkimbiza nayo barabarani."

"Ndiyo maana una kopo la pipi?"

"Pipi ni baadaye."

"Kumbe unanyoa kwa rushwa halafu unanifundisha ukweli."

Kinyozi akarudi kwenye mashine yake. Kopo lilikuwa limefungiwa kabatini tangu siku ya daktari, lakini hoja yake ilikuwa imefungiwa nalo.

Alfajiri Mama Hakimu aliamka akaponda, akachuja, akaminya. Na kweli, mkono wake haukuwa mkono wa bure. Juu ya sahani ilisimama keki ndogo nyeupe yenye kuta laini, mkufu wa lulu chini, na mawaridi matatu ya pinki juu, kila waridi na majani yake. Hata yeye aliyeipika ilimtoa mate.

Hakimu aliingia jikoni akipikicha macho. Akaona. Akasimama. Uso wote ukafunguka kama dirisha.

"Mama! Umerudi!"

Ndivyo alivyosema, ingawa mama yake hakuwa amekwenda popote. Akapanda kiti, akachota waridi kubwa kuliko yote, akalitia mdomoni.

Akalisogeza shavu la kushoto. Akalisogeza la kulia. Akalimeza, kwa heshima ya msiba, akaweka kijiko chini.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "keki yako imekufa."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Mama Hakimu aliona jambo moja tu: amemeza! Kijiko kizima cha kiazi na yai kimeshuka tumboni bila chembe ya sukari. Akajisemea kosa liko kwenye ladha, siyo kwenye mpango. Siku ya pili akaponda maharage meusi hadi yakang'aa, akayaminya kama chokoleti juu ya mkate. Hakimu akasitasita, lakini maua yale yalikuwa maua ya mama yake, na maua ya mama yake hayajawahi kumdanganya isipokuwa jana. Akala kijiko. "Haya," alisema, "ni yale yanayonitazama. Yamefumba macho tu."

Siku ya tatu ilikuwa shayiri iliyookwa duara, imefunikwa mtindi mchachu ulionakshiwa kama shela la bibi harusi. Hakimu alichukua kijiko, akakilamba ncha tu. Machozi yakamjaa. Hayakuwa machozi ya deko. Alimtazama mama yake, akaitazama ile kazi nzuri, akamtazama tena, kana kwamba mmoja kati ya hao wawili amebadilishwa usiku.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile nyumba ile iliingia katika utawala wa upelelezi. Mkate ulipasuliwa na kuchunguzwa ndani. Maziwa yalinuswa. Glasi ya maji iliinuliwa kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya ni maji?"

"Ni maji, mwanangu."

"Baba, onja kwanza."

Kinyozi akaonja, akawa mwonjaji wa ikulu: chakula hakiendi kwa mkubwa bila kupita kwake. Mwanzoni alicheka. Alinenepa kidogo. Lakini asubuhi moja Mama Hakimu alimimina maziwa mbele ya mtoto, kutoka paketi ileile, kwenye vikombe viwili. Kimoja akakishika yeye, kingine akakishika mumewe. Hakimu akapita mkono wa mama yake kama anayepita jiko la moto, akachukua cha baba.

Maziwa yalikuwa mamoja. Kilichokataliwa ni mkono.

Kinyozi aliona. Hakusema "nilikwambia." Kwa hilo tu mkewe alimshukuru, na kwa hilohilo alitaka kumpiga na mwiko.

Jumamosi akaja bibi, mama yake kinyozi, kutoka upande wa pili wa mji. Alikuwa amepata habari kwamba mjukuu wake ananyimwa. Aliingia na kikapu, mkoba na boksi jeupe, hata viatu hajavua ameanza.

"Mkwe wangu, nasikia humu ndani mtoto anafungishwa saumu."

"Mama, ni meno. Daktari amesema."

"Madaktari! Mimi nimekula sukari tangu utoto wangu, nimepata nini?" aliuliza bibi, na hewa ikapita kwa mluzi pale ambapo zamani palikuwa na meno manne.

Kuna maswali yanajijibu yenyewe.

Bibi akaweka boksi mezani, akalifungua. Keki. Keki ya kweli, ya chungwa, krimu nyeupe, mkufu wa lulu chini, mawaridi matatu ya pinki juu. Mama Hakimu akajishika kifua. Aliyaminya yale maua jana mchana kwa mkono wake. Bibi alikuwa ameinunua kwenye bekari ya mkwewe, kwa mlango wa mbele, wakati mkwewe yuko nyuma ananawa.

"Mama, tafadhali. Amebakiza wiki mbili kurudi kwa daktari. Kipande kimoja tu na tunaanza upya."

"Kipande kimoja hakijaua mtu. Mjukuu wangu! Njoo uone bibi yako amekuletea nini."

Hakimu akaja. Mama Hakimu alifumba macho. Aliona gego limelala kwenye kisahani cha daktari, na la jirani kando yake.

Mtoto akaizunguka meza. Akainama. Akayatazama maua kwa karibu, jani kwa jani.

"Haya maua ni ya mama."

"Eeh, mama yako ndiye fundi," alisema bibi akikata kipande kikubwa.

"Basi ni kiazi," alisema Hakimu, akanyoosha mgongo.

"Kiazi gani? Hii keki, mjukuu wangu."

"Ndivyo inavyosema."

"Keki haisemi! Onja."

"Onja wewe."

Bibi akaonja. Krimu ikamshika puani. "Tamu! Tazama, tamu!"

Hakimu akamhurumia. "Bibi, mama amekutuma."

"Mimi? Nitumwe na mkwe wangu? Mimi?" Bibi alikasirika kweli sasa. "Baba Hakimu, hebu kula mwanao aone!"

Kinyozi, ambaye hakuwa ameona sukari kwa siku nyingi, alikula kwa moyo wote. Alikula kipande, akala cha pili kwa ushahidi, na cha tatu kwa msisitizo.

"Baba anakula chochote," alisema Hakimu. "Hata maharage yaliyofumba macho alikula."

Ikawa kioja ambacho bekari nzima ilisimuliwa baadaye: keki halisi imekaa mezani, bibi anabembeleza, baba anatoa ushahidi, na mtoto aliyelelewa kwa kofia za keki amekunja mikono na kukataa katakata. Mama yake alisimama kando akitaka kucheka. Hakucheka. Gego limepona leo, ndiyo. Limepona kwa sababu mwanawe akiona kazi ya mkono wake anaona uongo.

Lakini njaa ni njaa. Hakimu akaanza kupekua kikapu cha bibi, akatoa mayai ya kuchemsha ambayo bibi alijifungashia kwa ajili ya njiani. Akachukua moja. Akaligeuza. Akaligonga kwa kidole, akaliweka sikioni.

"Hili mama amelishika?"

"Nimelichemsha mwenyewe," alisema bibi, bado amenuna.

"Kuna mtu ameingia ndani?"

"Ataingiaje? Si lina ganda?"

Hakimu akafikiri. Ukaona kabisa sheria mpya ikiandikwa kichwani mwake. Akalipasua, akalimenya kwa vidole vyake vidogo, ganda likatoka vipandevipande na nusu ya yai nyuma yake. Akala. Akachukua jingine. Akala.

"Hili halijadanganywa," alitangaza.

Kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba: chenye ganda lake ni kisafi, kisicho na ganda kina kesi. Asubuhi Hakimu alikula yai lililofika na ganda lake, ndizi iliyofika na ganda lake, ilimradi haijazeeka, karanga alizozibanja mwenyewe, hata kiazi kilichochemshwa na ganda lake. Kiazi! Kilekile kilichokufa ndani ya krimu kikafufuka ndani ya ganda. Alishiba. Mwalimu wa chekechea akaripoti kwamba biskuti za wenzake sasa zinapita salama. Bibi alirudi kwake akisimulia mtaa mzima kwamba yeye, kwa mayai yake mawili, ndiye aliyemtibu mjukuu.

Kila mtu alikuwa na furaha, isipokuwa mmoja.

"Sasa unalia nini?" aliuliza Dada Unga bekarini. "Mtoto anakula, sukari hamna, jino linapona. Na ujiinue kwenye hiyo keki, mwenye nayo hakuagiza chumvi."

Mama Hakimu akajifuta kwa kiwiko. "Anamenya mwenyewe, dada. Asubuhi nzima, vidole vimebabuka kwa yai la moto. Nikimwambia lete nikumenyee, analificha kifuani. Mimi sipo pale mezani. Nimekuwa kama sufuria."

"Ulimdanganya mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukamwomba radhi mara ngapi?"

Mfuko wa krimu mkononi mwa Mama Hakimu ukadondosha tone moja mezani. Haikuwa imempitia kichwani kwamba mtu anaweza kumwomba radhi mtoto kwa sababu ya kiazi.

Jioni aliomba ule mfuko, na kipua chake cha bati cha kuchongea maua, akaondoka nao. Kofia hakuchukua. Nyumbani akachemsha viazi, akamwita Hakimu jikoni, akamkalisha juu ya meza kabisa, mahali ambapo siku zote alikatazwa kukaa.

"Nitakuonyesha nilivyokudanganya," alisema.

Hakimu akakaa sawasawa. Kesi za namna hii hazitokei kila siku.

Mama akamenya kiazi mbele yake. Akakiponda. Akatia maziwa, akamwonyesha paketi. Akatia kiini cha yai. Akakamua bitiruti, vidole vikawa vyekundu. Akajaza mfuko, akaminya, na waridi likachanua pale kwenye sahani, jani kwa jani.

"Haya. Hili ni kiazi. Lilikuwa kiazi tangu mwanzo, nami nilijua. Nilitaka udhani ni keki kwa sababu niliogopa jino lako. Lakini nilikudanganya, na nilikudanganya tena, na tena. Nisamehe, mama yangu."

Alimwita mama yangu, kama wazazi wanavyowaita mabinti wanapowabembeleza.

Hakimu alilitazama waridi. Akamtazama mama yake. Kisha akanyoosha mikono. "Lete mfuko."

Akauminya. Ua lake la kwanza lilifanana na kidonda, la pili na sikio la mtu. Alipofika la tano kinyozi aliingia kutoka kazini, na binti yake akamsogezea sahani.

"Baba, kula keki."

Kinyozi akamtazama mkewe. Mkewe akawa anahesabu mabati ya dari.

"Tamu sana hii keki!" alisema kinyozi.

"Siyo keki! Kiazi!" Hakimu alicheka hadi akajikunja. Akacheka, akajipangusa, akatumbukiza kidole kwenye mfuko, akakilamba. Akakilamba tena, polepole, na uso wa kazi ukarudi.

"Mama. Hiki kiazi siyo kibaya."

"Kweli?"

"Ndiyo. Kwa nini hukusema ni kiazi? Ungesema, ningekula."

"Ungekataa."

Hakimu alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. Akafikiri. "Ningekataa," alikubali. "Lakini kesho yake ningeuliza tena."

Asubuhi iliyofuata alimkabidhi mama yake yai, la moto, na ganda lake. "Menya," alisema, akavuta kiti karibu kabisa. "Lakini nakuona."

Mwezi ulipotimia walipanda ngazi za zahanati, wote watatu. Daktari akawasha taa, akagonga gego, akagonga la jirani yake, akatabasamu.

"Limetulia. Leo tunaliziba."

Mama Hakimu akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu zile ngazi za mwanzo. Furaha yake ilidumu hadi daktari alipochukua ile mashine nyembamba yenye ncha, na Hakimu akaiona.

"Itauma?"

"Wala, mpenzi wangu! Hutasikia kitu. Kama unyoya tu."

Mdomo ukafungwa kama mlango wa benki.

Daktari akabembeleza. Akaimba. Akavaa kikaragosi cha mamba mkononi. Mamba akaombwa akae kando. Kinyozi akainama: "Mwanangu, ukifungua nitakupa pi—" Mkewe akamgeukia. "—picha. Nitakupiga picha."

"Tukishindwa leo," daktari alimnong'oneza mama, "tobo litaendelea, na hapo hakuna tena kuziba."

Hakimu aligeuza macho peke yake, kichwa hakikusogea, akamtazama mama yake. Swali halikusemwa lakini lilikuwa lilelile.

Na jibu la zamani likamjia Mama Hakimu hadi ncha ya ulimi, laini, limepambwa vizuri, na waridi juu yake: haitauma, mwanangu. Akalimeza.

"Daktari," aliuliza, "inaumaje, kweli?"

Daktari akaona haya kidogo. "Inapiga kelele. Inatetemesha. Kuna mahali pamoja itachoma, muda mfupi."

Mama akapiga magoti kando ya kiti. "Umesikia? Itapiga kelele. Itatetemeka hadi masikioni. Mahali pamoja itauma. Ikiuma, niminye mkono, nami nitamwambia asimame."

Hakimu alipima. Akauchukua mkono wa mama yake, akaukamata kwa mikono yake yote miwili. Akafumba macho, akafungua mdomo hadi likaonekana gego la mwisho kabisa.

Ilipiga kelele. Ilitetemesha. Kisha Hakimu akaminya.

"SIMAMA!" alipiga kelele mama yake, kwa nguvu ambayo haikuhitajika hata kidogo. Daktari akaruka, mamba akaanguka, na chini kwenye duka la viatu mtu akauliza kuna nini huko juu. Wakasubiri. Hakimu akapumua mara kadhaa, akafungua mdomo tena mwenyewe, kazi ikamalizika.

Alipoinuka akaketi, alimgeukia daktari kwanza. "Umesema unyoya."

"Nimekosa. Nisamehe."

"Usirudie kwa watoto wengine."

Kisha akashuka kitini, akamwambia mama yake kwamba ana njaa.

"Itabidi usubiri kidogo, mwanangu. Jino likauke."

Hakimu akakodoa jicho moja. "Kweli, au kiazi?"

"Kweli."

"Basi nitasubiri," alisema, na wakaanza kushuka ngazi, baba mbele amebeba viatu vya Hakimu alivyosahau kumvisha, yeye na mama yake nyuma, taratibu, wakibishana kuhusu cha kumenya watakapofika nyumbani.